Kisima Kilichohamia Mpigi

OKELLO: Dada Amina, karibu tena. Umetoka Kasese, magharibi mwa Uganda, kupima mahali visima vilipo. Tuanze na laptopu yenyewe: waya wa USB umechomekwa, programu ya ramani iko wazi, lakini kipokezi cha GPS hakionekani.

AMINA: Asante, kaka. Angalia poti kwanza, yaani mlango ambao data hupitia. Windows hukipa kipokezi namba, tuseme COM3, na ukihamisha waya kwenye tundu jingine namba inaweza kubadilika. Kisha kasi. Vipokezi vingi vya NMEA 0183, ile lugha ya vifaa vya GPS, huongea kwa biti 4800 kwa sekunde. Ukiweka kasi nyingine unapata herufi za ovyo. Na poti hushikwa na programu moja tu. Funga nyingine zote, ndipo ufungue QGIS, ile programu yetu ya ramani.

OKELLO: Vikishaelewana?

AMINA: Mistari inaanza kupita, mmojawapo, wenye latitudo na longitudo ya mahali ulipo, ukianza na $GPGGA. Hapo tulia kabisa! Tulipofanya majaribio kwenye kisima kimoja hapa Kampala, mstari ulisoma 0018.8 N, 03234.8 E. Mwenzetu akaandika kwenye jedwali 0.188 na 32.348. Kufungua ramani, kisima kimehamia upande wa Mpigi, mji mwingine kabisa.

OKELLO: Mpigi! Kosa liko wapi hapo?

AMINA: Tarakimu za mwanzo, 00 na 032, ndizo digrii. Zile 18.8 ni dakika, si desimali za digrii. Gawa kwa 60, upate 0.313. Na 34.8 gawa kwa 60, ni 0.58. QGIS ikisoma kipokezi moja kwa moja hufanya hesabu hiyo yenyewe. Hatari ni kunakili kwa mkono.

OKELLO: Na Kasese? Wengi huko wanataka mita, wanatumia UTM, ule mfumo unaoigawa dunia kanda kanda.

AMINA: Kasese ndiko kugumu zaidi, kaka. Ikweta inapita pale, na longitudo ya 30 inapita pale pale. Kwa hiyo kazi ya siku moja inaweza kugusa kanda nne: 35 na 36, kila moja ina kaskazini na kusini yake. Kisima kilicho kusini kidogo tu ya Ikweta kina namba kama 9,990,000. Ukiiambia programu ni kanda ya kaskazini, alama inaruka hadi karibu na Ncha ya Kaskazini. Mimi nahifadhi kila kitu kwa digrii za WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS yenyewe, UTM nabadilisha mwishoni.

OKELLO: Wenye ramani za zamani za karatasi je?

AMINA: Nyingi zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani. Ukiziweka chini ya alama za GPS bila kuzibadilisha, zinapishana karibu mita 300. Kijijini, mita 300 ni kisima cha watu wengine kabisa, na fundi atapelekwa kwenye pampu isiyoharibika huku kina mama wa pale penye shida wakiendelea kusubiri.

OKELLO: Na betri ya laptopu ikizimika porini?

AMINA: Ndiyo maana kipokezi nakiacha kirekodi chenyewe pia. Jioni natoa faili la GPX, lenye alama zote kilizorekodi, nalinganisha kisima kwa kisima.