Umeme wa Mgongoni kwa Mguu Uliolegezwa na Kiharusi

Wazee wangu, mama zangu na vijana wa Tanga,

Wanaouguza huniuliza: ikiwa kiharusi hupiga ubongo, kwa nini watafiti wanapeleka umeme mgongoni? Jibu limo katika ugwe mgongo, yaani kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo. Ugwe ni kamba, nasi tuliokulia kwenye katani twajua kwamba kamba ni nyuzi nyingi zilizoshikana. Humo zimo nyuzi ziteremshazo amri za ubongo na zipandishazo habari za misuli. Kiharusi huzipunguza amri huko juu, lakini mitandao ya seli za ugweni, inayopanga zamu za kukunja na kunyoosha mguu, kwa kawaida hubaki nzima. Mwaka 1911 mtafiti Thomas Graham Brown alionyesha kwamba ugwe wa paka uliotengwa na ubongo bado huweza kuendesha miguu kwa kupokezana.

Tiba hii haina upasuaji. Elektrodi, yaani vibandiko vya kupitishia umeme, hubandikwa juu ya ngozi, kwenye pingili za mwisho za kifua na za mwanzo za kiuno. Hazishushwi zaidi, kwa kuwa ugwe wa mtu mzima hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sehemu inayohudumia miguu imo juu ya hapo. Umeme mdogo huamsha kwanza mizizi ya neva zinazoleta hisia ugweni, nayo huiweka mitandao ile tayari, hata amri hafifu iliyosalia ipate kuitikiwa. Umeme peke yake haumtembezi mtu. Ndiyo maana hutolewa pamoja na mazoezi ya kutembea.

Kasi ya mwendo wenyewe hupimwa kwa kutazama saa. Anayekwenda chini ya mita 0.4 kwa sekunde kwa kawaida huishia uani; akipita 0.8, aweza kwenda soko la Mgandini na kurudi. Utafiti uliofanywa Chicago na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha mwendo ukiboreka kwa watu waliokwisha kuishi na kiharusi muda mrefu, ila walikuwa wachache, na kwangu hilo ni tumaini, bado si ushahidi wa kutosha.

Mzee mmoja hapa amenionyesha mashine ya kukanda misuli aliyonunua dukani. Mzee wangu, hiyo siyo, na mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asiiguse kabla ya kumwona daktari.