Kuacha Kazi na Kuingia Ubia na Mteja wa Mwajiri Wako

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, najua wengine mmeshuka kutoka porini jana tu. Swali mlilonipa ni hili: umefanya kazi miaka kadhaa katika kampuni ya utalii hapa Arusha, wakala wa Ujerumani anayeleta wageni kila msimu amekuzoea, na sasa anakuambia, "Acha kazi, tufungue biashara yetu kwa ubia." Sheria inasemaje?

Kuacha kazi ni haki yako. Kinachowaponza watu ni yale wanayofanya wakiwa bado wanapokea mshahara. Mpaka siku ya mwisho ya ajira unadaiwa uaminifu, hata kama mkataba haukutaja neno hilo. Ukimwambia wakala asilete wageni msimu ujao, asubiri kampuni yako, nawe bado una dawati ofisini, umeshavunja mkataba.

Kesi mbili za Uingereza zinaeleza jambo hili vizuri, na mawakili wetu huzisoma mpaka leo. Katika Robb na Green, mwaka 1895, meneja wa biashara ya ndege wa kuwindwa na mayai yao alinakili kwa siri majina ya wateja kutoka kitabu cha oda, kisha akaenda kufungua biashara yake. Alishindwa. Katika kesi ya Faccenda Chicken, mwaka 1986, Fowler, meneja mauzo wa kampuni ya kuku, aliondoka akaanza kuuza kuku kwenye eneo lilelile. Hakuwa na kifungu cha kumzuia kushindana. Mwajiri alidai Fowler anatumia habari za wateja na bei. Mahakama ya Rufaa ikakataa, kwa kuwa habari hizo hazikufikia kiwango cha siri ya biashara.

Kilichomponza yule meneja wa kwanza ni kunakili kwa siri. Kwa hiyo usijitumie barua pepe yenye orodha ya wageni, wala usipige picha bei maalumu ambazo kampuni imepewa na lodge. Orodha ile ina namba za pasipoti, pengine na magonjwa ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, nayo haijali kwamba wageni wale ni marafiki zako.

Kama mkataba una kifungu cha kukuzuia, kisome chote. Hoja kubwa ni kama kinachokukataza ni cha kiasi na cha haki: muda gani, eneo gani, kazi gani. Kutowafuata wateja uliowahudumia kwa miezi sita kunatetewa kirahisi zaidi kuliko kukatazwa utalii Tanzania nzima kwa miaka mitano.

Notisi iwe ya maandishi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza wa kazi, ni siku zisizopungua 28. Ukikataa kufanya kazi siku hizo, mwajiri anaweza kukata fedha za siku hizo kwenye malipo yako.

Lipo jambo ambalo karibu kila mtu analisahau: muulize wakala kuhusu mkataba wake yeye na kampuni yako. Huenda aliahidi kutowachukua wafanyakazi. Ukimshawishi auvunje huku unajua, na wewe unaweza kushtakiwa.

Na ubia wenyewe uandikwe. Deni la lodge likija, mdai ana haki ya kumfuata mbia yeyote kwa deni lote. Mwenzako yuko Ujerumani. Gari na kiwanja vilivyo karibu ni vyako.