Kucheza Japani dhidi ya China kwenye Axis & Allies Pacific 1940: zamu tatu za kwanza

Karibuni tena. Ubao ulio mezani ni Axis & Allies Pacific 1940, mchezo wa ubaoni wa Vita vya Pili vya Dunia, toleo la pili. Tumeshika Japani, na leo tunahangaika na China peke yake. Pangeni kete zenu kama kadi ya mpangilio inavyosema, halafu simamisheni video hapa hadi mmalize.

Kabla ya kurusha dadu, tupekue mfuko wa China. Ana maeneo 12, kila moja linampa pointi 1 (pointi ndiyo pesa ya mchezo), na askari wa miguu mmoja ni pointi 3. Kwa hiyo mwanzoni ananunua askari 4 kwa zamu. Lakini Barabara ya Burma ikiwa wazi, yaani India, Burma, Yunnan na Szechwan zote ziko mikononi mwa Washirika, anaongezewa pointi 6 na kuruhusiwa kununua mizinga. Burma hiyohiyo walikopelekwa wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mwaka 1944. Kati ya hayo manne, lililo karibu nasi ni Yunnan. Hapo ndipo tunapoanza.

Kamera ishuke kidogo. Yunnan ina askari wa China 4. Sisi Kwangsi tuna askari 3 na mzinga 1. Wengi hukosea hapa: wanaona wanne kwa wanne, wanasukuma kete na kuomba Mungu. Hesabuni. Mzinga unapiga kwa 2, yaani dadu ikitoka 2 au chini yake ni pigo, na unampandisha askari mmoja naye apige kwa 2. Wawili waliobaki wanapiga kwa 1 kila mmoja. Jumla 6, gawanya kwa 6: pigo moja kwa raundi. China anajilinda kwa 2 kila askari, jumla 8, yaani pigo moja na zaidi kidogo. Mtapoteza.

Sasa ongezeni ndege 2 za kivita, 3 kila moja, na ndege ndogo ya mabomu 1, ambayo ikipaa na ndege ya kivita inapiga kwa 4 badala ya 3. Jumla imekuwa 16, karibu mapigo 3 kwa raundi. Vita vinaisha kwenye raundi ya pili. China hana mizinga ya kutungulia ndege wala haruhusiwi kuinunua, kwa hiyo msizionee huruma ndege zenu. Kwa majeruhi, toeni askari kwanza na mzinga mwisho. Askari ni ngao tu, ndege ndizo zinazoua.

Angalieni mafuta. Ndege hizi zina hatua 4, na haziruhusiwi kutua kwenye eneo mlilolitwaa zamu hiyohiyo. Zitarudi Kwangsi, hatua moja, kwa hiyo chagueni zile zinazofika Yunnan kwa hatua 3 au pungufu.

Zamu hiyohiyo, kikosi cha Kiangsi kinaingia Hunan, penye askari 2, kikisaidiwa na ndege za Kiangsu. Chahar na Anhwe hazina mtu: za Jehol ziingie Chahar, za Shantung ziingie Anhwe. Askari wa Manchuria wateremke kusini, msiwaache huko juu wakiota baridi.

China atajibu, na atajibu Yunnan. Szechwan ana askari 6 na ile ndege yake moja, Kweichow ana 2. Wote wakija, wanane kwa 1 na ndege kwa 3, ni 11, karibu mapigo 2 kwa raundi, na ninyi mna kete kama 3 zilizobaki. Mara nyingi mtaliachia. Uchungu wake uko kwenye pesa: mkibaki na maeneo yote manne mliyotwaa (Yunnan, Hunan, Chahar na Anhwe), China anakusanya pointi 8. Akirudisha Yunnan, anakusanya 9 na zile 6 za barabara, jumla 15. Ndiyo maana Kwangsi isibaki tupu. Meli yoyote inayoweza kushusha askari hapo mapema, ishushe. Mkirudi Yunnan zamu ya pili mtawakuta askari wake wametoka Szechwan, wako wazi mbele ya ndege zenu, na mimi ningependelea kuwaulia hapo kuliko kuwafuata nyumbani kwao.

Zamu ya pili pia, kikosi cha Hunan kiende Kweichow. Acheni askari mmoja nyuma kwenye kila eneo linalopakana na China. Si mapambo: China huweka askari wapya popote anapotawala, hata alipotwaa zamu hiyohiyo. Mwache atembee Anhwe bila mtu, kesho mtakuta watatu wamesimama mgongoni mwenu.

Kuhusu kiwanda: kidogo ni pointi 12, kinatoa kete 3 kwa zamu, na kinataka eneo la pointi 2 au zaidi. Kinunueni zamu ya pili, si ya kwanza. Ya kwanza meli zina faida zaidi.

Na tafadhali, msiguse Indochina ya Kifaransa kwa haraka. Japani inapata pointi 10 kila zamu mradi haijapigana na Marekani, haijashambulia Indochina, wala haijawatangazia vita Uingereza au ANZAC (Australia na New Zealand) bila kuchokozwa. Nimeona watu wakizitupa kwa ajili ya eneo moja la pointi 2.

Zamu ya tatu ni Szechwan, kutoka Hunan, Kweichow na Yunnan kwa pamoja, na ndege kubwa za mabomu zije pia, zinapiga kwa 4. Ile ndege ya China ikianguka, hairudi tena: sheria haimruhusu kununua nyingine. Sikang na Tsinghai wachieni. China hana mji mkuu wa kusalimisha, na pointi 1 moja haistahili askari kutembea zamu tatu milimani.