Kumwona Mungu kwa Nyuma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Asanteni kwa kunikaribisha, na kwa wimbo ule mlioimba kabla sijasimama. Umenitangulia kusema.

Naomba tuanze na mtu aliyelala njiani, kichwa juu ya jiwe. Yakobo anamkimbia Esau, ndugu yake. Nyumbani hawezi kurudi, na huko aendako hajui atapokewaje. Usiku anaota ngazi, malaika wanapanda na kushuka, na anapoamka anasema: "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Ni Mwanzo 28:16, na hilo neno "sikujua" nimeishi nalo miaka mingi. Mungu hakufika pale wakati Yakobo anafumbua macho. Alikuwapo jua lilipotua, alikuwapo Yakobo alipokuwa akichagua jiwe la kulalia huku moyo umejaa hofu. Mwenye kuchelewa alikuwa Yakobo.

Musa naye aliomba auone utukufu wa Mungu. Akawekwa kwenye ufa wa mwamba, akafunikwa kwa mkono, na mkono ulipoondolewa aliona nyuma tu, uso hakuuona. Na wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau walitembea na Yesu mfufuka mwendo mrefu, wakamsimulia habari zake mwenyewe! Walimtambua alipoumega mkate, naye hapo hapo akatoweka mbele yao. Ndipo wakaulizana: kumbe mioyo yetu ilikuwa ikiwaka kule njiani?

Ninachoamini, na ndicho kilichonileta hapa, ni hiki: mara nyingi Mungu huonekana akiwa ameshapita. Wengi wanaonijia na kusema "siusikii uwepo wake" wanamtafuta mbele, wanangoja jambo litokee. Sijawahi kumlaumu yeyote kwa hilo, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa mwaka ule mama yangu alipokuwa kitandani. Niliomba ishara usiku baada ya usiku. Sikuona kitu. Mama hakupona. Miezi kadhaa baada ya kumzika, nilichukua karatasi nikaanza kuandika majina ya watu walioingia nyumbani kwetu katika siku zile, na mkono ukasimama kwenye jina la jirani mmoja. Huyo alikuja kila jioni akae na mama ili mimi nipate kulala. Hakuwahi kuhubiri, hakuwahi kukaa karibu nami akanipa mstari wa Biblia. Mimi nilikuwa namwomba Mungu aje, na kila siku saa kumi na mbili jioni mlango ulikuwa unabishwa hodi.

Nililia juu ya karatasi ile kuliko nilivyolia msibani.

Sasa tumtazame yule Msamaria wa Luka 17. Wakoma kumi walipaza sauti wakiomba rehema, na wote kumi wakatakasika wakiwa njiani kwenda kwa makuhani. Wale tisa tusiwaseme vibaya upesi, maana walikuwa wanafanya kile hasa walichoagizwa. Lakini Luka anasema mmoja, alipoona kwamba amepona, alirudi. Aliona, akarudi. Shukrani iko katikati ya vitenzi hivyo viwili. Na anasema alimtukuza Mungu kwa sauti kuu. Wengi wetu sauti kuu tunaitoa wakati wa kuomba, na wakati wa kushukuru tunanong'ona.

Neno letu "asante", tunalolitumia mara nyingi bila kulitazama, asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni "umetenda vema". Mtu anayemwambia Mungu asante anatoa ushuhuda: nimeitazama kazi yako, nayo ni njema. Huwezi kusema hivyo juu ya kazi usiyoitazama. Ndiyo maana "asante kwa yote" ya haraka haraka kabla ya kulala hainitoshi tena. Yote yapi?

Kuna jambo gumu hapa na sitalikwepa. Paulo anawaandikia Wathesalonike, "shukuruni kwa kila jambo." Katika Kigiriki chake ni "katika kila jambo". Najua pia Waefeso 5:20, inayosema kwa mambo yote. Lakini nawasihi, mtu aliyefiwa jana msimwambie ashukuru kwa kifo. Zaburi zimejaa watu wanaomlilia Mungu, wengine wanamuuliza waziwazi, mpaka lini? Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Na usiku ule ule aliosalitiwa alitwaa mkate, akashukuru, akaumega. Usaliti hakuuita mema. Alimshukuru Baba akiwa ndani ya usiku huo, na Wakristo wa kwanza wakaiita karamu hiyo Ekaristi, yaani shukrani.

Tunafanyaje, basi, Jumatatu? Ignasi wa Loyola, padre aliyeanzisha shirika la Wajesuiti na kufariki mwaka 1556, aliacha utaratibu wa kuichunguza siku mbele za Mungu. Hatua ya kwanza si kuzitazama dhambi. Ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema uliyopokea, ndipo uombe nuru ya kuyajua makosa yako. Mpangilio huo una hekima, kwa sababu anayeanza na makosa huishia kujitazama mwenyewe tu.

Na karne iliyofuata, mjini Paris, alikuwako bruda wa shirika la watawa Wakarmeli aitwaye Lawrence. Aliwahi kuwa askari, na katika monasteri alipewa kazi ya jikoni, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda hata kidogo. Aliifanya miaka mingi. Alikuwa akisema kwamba wakati wa kazi kwake haukutofautiana na wakati wa sala, na kwamba katikati ya kelele za vyungu na watu wanaomwita huku na huku, alikuwa na Mungu kwa utulivu ule ule wa kupiga magoti. Hakufika hapo kwa siku moja. Alisahau, akakumbuka, akarudi, bila kujipiga sana kwa kusahau. Huko kurudi ndiko ninakokuombeni mjaribu.

Tusingoje usiku. Simu tuziweke chini, tukae kimya dakika tano. Kila mmoja arudi asubuhi ya leo, tangu alipofumbua macho: nani alikusemesha kwanza, nani alikungoja, nani alikubebea kitu. Tembea polepole. Ukifika mahali moyo unapogota, simama hapo hapo, usiende mbele. Nitawaambia muda ukiisha.