Akikataa kuanguka bado ni faulo

Makocha, walimu wa michezo, marefa wenzangu, wazee wetu mmekaa hapa mbele na nyinyi vijana huko nyuma, karibuni sana Kisumu, na wale mmetoka Nakuru na Kakamega na matatu ya alfajiri asanteni kwa kufika. Nimeambiwa niongee juu ya wachezaji kujiangusha, hii vijana wanaita kudaivu, na najua wengi mmekuja mkingoja niwachape wachezaji. Nitawafikia. Lakini mzigo mkubwa leo naubebesha sisi wenye filimbi na nyinyi makocha, ju hii tabia haikuota yenyewe, tuliipalilia.

Wacha nianze na sheria, ju kuna watu wamekaa na mpira miaka yote na kitabu hawajawahi fungua. Sheria ya 12 inasema ukimpiga mwenzako teke au ukijaribu kumpiga teke ni faulo, ukimkwatua au ukijaribu kumkwatua ni faulo, ukimsukuma, ukimshika, yote faulo. Someni mpaka mwisho, hakuna mahali imesema eti lazima mtu aanguke. Hakuna! Sasa nendeni uwanja wowote wikendi hii, Moi Stadium hapa ama hata ule wa murram kando ya shule ya msingi, mtaona refa anangoja mwili ugonge chini ndio apulize. Winga amepita beki, amevutwa jezi, kifundo kimeguswa, kijana wa watu amejikaza, amekimbia hatua tatu akiyumba, mpira umemtoroka, kipa ameokota. Refa anapunga mikono, endeleeni. Na huko kando kocha ameshika kichwa anapiga kelele, "Si ungeanguka wewe!"

Hiyo sentensi ndio shule yote ya kujiangusha. Kijana wa miaka 14 anaiweka kichwani na huwezi mlaumu, ju ameona na macho yake, yeye aliyesimama amekosa, na yule wa jana aliyebiringika mpaka kwa kibendera amepewa penalti na amebebwa juu juu na shule nzima. Hii kitu inaniuma sana na sitaificha. Tunawaadhibu wale wakweli kila Jumamosi halafu tunashangaa mbona wanapungua.

Na dawa tuko nayo tayari, ni ile advanteji. Refa anaruhusiwa kungoja sekunde chache aone kama aliyefanyiwa faulo anafaidika, na kama hajafaidika anapuliza na mpira unarudi pale pale faulo ilifanyika. Huyo winga wetu wa hatua tatu, sheria ilikuwa imemsubiri, ni refa ndio hakumsubiri. Kama ilikuwa ndani ya boksi hiyo ni penalti, hata kama kijana hajagusa nyasi na hata kama uwanja mzima unauliza imetokea nini. Najua inataka roho ngumu, kupulizia penalti mtu amesimama wima siku ya debi ya Mashemeji, K'Ogalo yaani Gor Mahia upande huu na Ingwe yaani AFC Leopards upande ule, hiyo si kazi ndogo. Lakini mkianza kwa mechi za shule, za vijana, mahali kelele ni kidogo, wachezaji watajua ndani ya msimu mmoja kwamba kusimama kunalipa. Hakuna adhabu ya kadi itawafundisha haraka hivo.

Ju hizo kadi zenyewe tuangalie hesabu yake. Tangu 1999 sheria inasema ukimdanganya refa kwa kujiangusha ama kujifanya umeumia unapewa kadi ya njano. Sawa. Sasa penalti kwa kawaida karibu tatu kati ya nne zinaingia. Kwa hivo mchezaji akiwa kwa boksi dakika ya 80, sare, anapima, nikifaulu karibu goli, nikishindwa njano. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitoa utafiti waliochambua video za mechi 60 kutoka ligi 6, wakitenganisha walioanguka kweli na waliojirusha, wakaona watu wanajirusha zaidi karibu na goli la wapinzani na wakati matokeo yako sare, na kati ya hao wote waliojirusha hakuna hata mmoja aliadhibiwa. Mchezaji ana akili, anafanya kile kinalipa.

Hata kwa jukwaa kubwa kabisa. Wengi mnakumbuka Kombe la Dunia 2002 kule Ulsan, Korea Kusini, Brazil na Uturuki, Rivaldo yuko kwa kona anangoja mpira, Hakan Ünsal kwa hasira anampigia mpira, unamgonga huku chini karibu na goti, na Rivaldo anaanguka ameshika uso. Uso! Ünsal akala njano ya pili akatoka. FIFA baadaye ikamtoza Rivaldo faini ya faranga 11,500 za Uswisi, hakukosa mechi hata moja, na mwisho wa mashindano akabeba kombe. Huo ndio mfano watoto wetu waliona, wala hakuna mtu anakumbuka ile faini.

Wakati mwingine adhabu ilikuja kali, na hii nataka vijana msikilize vizuri. Tarehe 3 Septemba 1989, Maracanã, Rio de Janeiro, Brazil na Chile wanatafuta nafasi ya Kombe la Dunia la 1990, Brazil inaongoza moja bila. Shabiki anarusha fataki uwanjani, moshi unapanda, na kipa wa Chile, Roberto Rojas, yuko chini damu inatiririka usoni. Timu ya Chile ikambeba ikatoka, ikakataa kurudi, dunia nzima ikaamini Mchile ameumizwa. Halafu picha zikatokea zinaonyesha ile fataki ilianguka kando yake, haikumgusa. Alikuwa amejikata mwenyewe na wembe aliouficha kwa glavu. FIFA ikaipa Brazil ushindi, ikamfungia Rojas maisha, ikaifungia Chile Kombe la Dunia la 1994, na hiyo marufuku ya Rojas ikaja kuondolewa 2001 tayari amezeeka kimpira. Fikirieni mvulana wa Santiago mwenye kipaji, mwaka wa 1993, hawezi kucheza hata mechi moja ya kufuzu kwa sababu ya wembe wa mtu mwingine.

Wapo pia walioenda njia nyingine. Machi 1997 Robbie Fowler wa Liverpool aliruka mbele ya David Seaman wa Arsenal akaanguka, refa akaweka penalti, na Fowler akainuka anapunga mikono akimwambia refa, hakunigusa. Refa akakataa kubadilisha, Fowler akapiga, Seaman akaokoa, mpira uliorudi Jason McAteer akaufunga. Aaron Hunt wa Werder Bremen, Machi 2014 wakicheza na Nürnberg, yeye alienda kwa refa akamwambia si penalti na hiyo ikafutwa. Mimi nawaheshimu wote wawili na nawaomba makocha mkiwa na kijana wa hivo msimkaripie.

Sasa marefa, jinsi ya kumjua mwongo. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, waliangalia miili ya wanaojirusha wakaona mkao mmoja unarudi rudi, mikono yote miwili imerushwa juu na nyuma, kifua kimetokezwa mbele, magoti yamekunjwa, mwili umepinda kama upinde. Mtu anayeanguka kweli hafanyi hivo, mikono yake inashuka yenyewe kuzuia uso usigonge chini ama inapanuka kando kutafuta balance, hiyo mwili unafanya bila kuulizwa. Angalieni pia muda, kama ameguswa sasa na anaanguka baadaye kidogo, jiulize. Angalieni alipoguswa na anaposhika. Angalieni macho, kuna wale wanamtafuta refa kabla hawajafika chini. Na msimame pembeni, mkiwa nyuma yao hamwoni nafasi kati ya mguu na mpira, hiyo ndio makosa mengi yanatoka, refa amechoka, amebaki katikati, anakisia.

Lakini tafadhali sana, msiondoke hapa mkaanza kutoa njano kwa kila anayeanguka. Mtu akiwa mbio kabisa, kisigino kikiguswa kidogo tu mguu unajigonga kwa mguu mwingine na anaenda chini vibaya, na wewe kutoka mbali hujaona kitu. Kuna pia anayeruka kukwepa mguu wa beki unaokuja na meno ya njumu juu, huyo anaokoa mfupa wake, na kama beki alikuwa anajaribu kumkwatua tumeshasema sheria inasemaje. Na kuna kuteleza tu, mvua ya Kakamega mnaijua. Siku nyingi jibu ni hakuna faulo, hakuna kadi, mpira uendelee. Septemba 2009 Eduardo wa Arsenal alifungiwa mechi mbili na UEFA kwa penalti aliyopata dhidi ya Celtic, wakakata rufaa, na marufuku ikaondolewa. Wazee wa UEFA na video zote na mawakili walibadilisha uamuzi, sasa wewe na sekunde moja usiwe na haraka ya kumwita mtoto wa mtu mwongo.

VAR, ile mashine ya refa kuangalia video, imesaidia kule ilipo. Kombe la Dunia 2018 Neymar alipewa penalti dhidi ya Costa Rica, refa akaenda kwa skrini akaifuta. Hata sisi tuliiona hiyo mashine Kasarani wakati wa CHAN ya 2024 iliyochezwa Agosti 2025. Lakini VAR ilipoingia kwa sheria 2018 iliandikiwa mambo manne tu, goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja na refa akimpa kadi mtu asiyehusika, kwa hivo anayejirusha katikati ya uwanja haimfikii. Uingereza kuanzia msimu wa 2017/18 waliongeza jopo la watu watatu linaangalia video baada ya mechi, ukidanganya ukapata penalti ama mpinzani akatolewa unakaa nje mechi mbili, na Oumar Niasse wa Everton ndio alikuwa wa kwanza wa Ligi Kuu kukamatwa, Novemba hiyo hiyo. Huku kwetu mechi ya shule ina refa, wasaidizi wawili wakipatikana, na basi.

Kuna jambo moja naomba mnisikilize kwa moyo. Tarehe 26 Juni 2003, Lyon, Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka katikati ya uwanja dakika ya 72, hakuna mtu alikuwa karibu naye, na hakuamka tena. Tarehe 12 Juni 2021 Copenhagen, Christian Eriksen alianguka vile vile, hajaguswa, na refa Anthony Taylor akasimamisha mechi mara moja, madaktari wakaingia mbio, na Eriksen yuko hai. Mtu ameanguka bila kuguswa ndio huyo tunamwita mwigizaji. Kila kijana anayejilaza dakika ya 85 kula muda anamzoesha refa kuchelewa, na iko siku atachelewa kwa mwenye moyo umesimama. Kwa hivo refa, kama hujui, nenda kwake kwanza. Kadi unaweza toa baadaye, pumzi huwezi.

Kuna swali hapa. Ndio mwanangu, sema kwa sauti. Anauliza, sasa mimi nikisimama na refa asipulize na tushindwe, mwalimu si atanitoa kwa timu? Swali zuri sana na sitakudanganya, inaweza tokea. Lakini hilo si lako kujibu peke yako. Mwalimu wake ako hapa? Mwalimu, inuka kidogo. Asante, amekubali mbele ya watu, hatamtoa. Na wewe kijana ukishikwa na ukaendelea, mwambie kapteni aongee na refa kwa heshima mpira ukitoka, si kelele, amwonyeshe tu huyo beki anashika, refa mzuri atamwangalia dakika zinazofuata.

Mama huko kando anauliza kuhusu wasichana. Daktari mmoja Mmarekani, Daryl Rosenbaum, alilinganisha video za mechi za wanawake na za wanaume za kimataifa, akaona wanawake wanalala chini kama wameumia karibu nusu ya vile wanaume wanalala. Makocha wa wavulana, nendeni mwangalie timu za wasichana zinacheza.

Basi kesho saa mbili asubuhi marefa wote mko uwanjani, tutacheza mechi mbili za dakika 30. Mabeki nimewaambia washike jezi na wakanyage visigino kidogo, washambuliaji nimewaambia wasianguke hata mara moja. Nitakuwa kwa mstari na karatasi naandika kila faulo iliyopita bila filimbi na jina la refa aliyeiacha, halafu tunakaa chini kabla ya chai tunaziangalia moja moja.