Vifaa vya Kuvuta Uume: Vilikotoka na Jinsi Madaktari Walivyovipokea

Mabibi na mabwana,

Mwaka 1743 François Gigot de la Peyronie, daktari wa upasuaji wa Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, aliandika kuhusu wanaume ambao uume wao ulipinda unaposimama kwa sababu ya makovu magumu yaliyojijenga ndani yake. Ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Ninaanza nao kwa makusudi, kwani maradhi haya, wala si hamu ya ukubwa, ndiyo yaliyokipatia kifaa cha kuvuta uume nafasi hospitalini.

Kanuni ya kifaa hiki ilikwisha kuonekana kwenye mifupa. Kuanzia miaka ya 1950, huko Kurgan, Siberia, daktari Gavriil Ilizarov alirefusha miguu ya wagonjwa kwa kukata mfupa na kuachanisha ncha zake takribani milimita 1 kwa siku, mfupa mpya ukaota katikati. Tishu ikivutwa taratibu na kwa muda mrefu, seli zake huupokea mvuto huo kama agizo la kugawanyika na kujijenga upya. Katika kovu, inaaminika kwamba mvuto huchochea pia vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za mwili) vinavyovunja kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazounda kovu, iliyorundikana. Katika miaka ya 1990 watengenezaji wa Denmark na Hispania walitoa fremu ndogo yenye pete inayokaa kwenye shina la uume, fito mbili zinazorefushwa kidogo kidogo, na mkanda unaoshika nyuma ya kichwa chake.

Kwa bahati mbaya, vifaa hivyo vilitangazwa sana kwa wanaume wasio na ugonjwa wowote, na madaktari wengi wakavitilia shaka. Walikuwa na haki: tangazo si ushahidi.

Mwaka 2008 Laurence Levine na wenzake wa Chicago walichapisha matokeo ya wagonjwa 10 wa Peyronie waliovaa kifaa saa 2 hadi 8 kila siku kwa miezi 6. Wastani wa mpindo ulishuka kutoka nyuzi 51 hadi 34. Mwaka uliofuata, Paolo Gontero na wenzake wa Italia, wakiwa na wagonjwa 15, waliona mpindo ukishuka kutoka nyuzi 31 hadi 27 tu. Tafiti zote mbili zilikuwa ndogo na hazikuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo hakuna hata moja iliyoweza kulimaliza suala hili.

Utafiti uliobadilisha mjadala ulitoka Mayo Clinic, taasisi ya tiba na utafiti ya Marekani, mwaka 2019. Wanaume 110 waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliopewa kifaa walikitumia dakika 30 hadi 90 kwa siku, na baada ya miezi 3 walikuwa wameongeza takribani sentimita 1.5 za urefu na kupunguza karibu nyuzi 12 za mpindo, ilhali wenzao hawakupata nafuu ya maana. Msomaji makini atazingatia kwamba kifaa hicho kilibuniwa kwa ushirikiano na taasisi hiyo hiyo. Hata hivyo, kushuka kwa muda wa matumizi kutoka saa nyingi hadi dakika ni jambo kubwa mno kwa mgonjwa, kwa maana tiba inayomzuia mtu kwenda kazini huachwa mapema, hata kama inafaa.

Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo wa Ulaya kimeiingiza tiba hii katika mwongozo wake wa ugonjwa wa Peyronie, kwa pendekezo lisilo na uzito mkubwa. Watafiti wamekwisha kuijaribu pia kwa wanaume walioondolewa tezi dume kwa sababu ya saratani, ambao uume wao mara nyingi hufupika baada ya upasuaji.