Askari wa Kifaru katika Bonde la Kabaw

Wazee wangu shikamooni, na ninyi vijana hamjambo.

Nikiuliza Vita Kuu ya Pili iligeukia wapi, najua nitajibiwa Stalingrad, El Alamein, au fukwe za Normandy. Sipingi. Ila leo naomba twende Burma, Myanmar ya leo, maana huko walikuwako babu zetu, na kazi yao imesahaulika mno.

Mwaka 1942 Wajapani waliwafukuza Waingereza Burma. Machi 1944 Jenerali Mutaguchi akawavusha mto Chindwin askari wapatao 85,000, akashambulia Imphal na Kohima, ndani ya India. Chakula chao kilikuwa cha majuma matatu tu. Alitegemea kuteka maghala ya Waingereza na kula humo.

Maghala makuu hakuyapata. Imphal ilizingirwa, lakini ndege zilileta mchele, risasi na mafuta, zikirudi na majeruhi. Kohima, kwa siku kadhaa, kilichowatenganisha mahasimu kilikuwa uwanja wa tenisi wa mkuu wa wilaya! Mapema Julai Wajapani waliamriwa kurudi nyuma. Zaidi ya 50,000 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa, au wameangamizwa na njaa na maradhi.

Hapo ndipo wengi hufunga hadithi. Mimi naona ndipo inapoanza.

Upepo tunaouita kusi, unaojulikana na kila nahodha wa Lamu na Unguja, huvuka bahari na kwenda kuimwaga mvua yake huko Burma. Miezi hiyo barabara hugeuka tope, na majeshi yalizoea kutulia hadi kukauke. Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la 14 la Waingereza, alikataa kutulia. Adui aliyechoka ukimwachia miezi mitatu, minne, atajipanga upya. Sasa nani atamfuata ndani ya mvua hiyo?

Aliituma Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki: Keya, yaani askari wa King's African Rifles, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo). Nembo yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru.

Kufika tu vitani kuligharimu roho. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wakiwa wapiga mizinga wetu wa Afrika Mashariki. Watu 1,300, jamani. Nyumba ngapi zilingoja barua?

Basi kuanzia Agosti, hawa wa kifaru waliteremka Bonde la Kabaw, huko Burma, kutoka mji wa Tamu. Bonde lile lilisifika kwa malaria. Askari walimeza vidonge vya mepakrini, dawa ya kuzuia malaria, kila siku. Magari yalikwama, njia ikatandikwa magogo ili yapite. Mawingu yalipofunga, ndege za chakula hazikuona pa kudondoshea. Na Mjapani aliyebaki nyuma hakuwa mtu wa kukimbia hovyo: alijichimbia kwenye vilima na kungoja. Kila kilima kilipiganiwa.

Novemba walikutana Kalemyo na Divisheni ya 5 ya India iliyoshuka kupitia Tiddim. Mwanzoni mwa Desemba wakaitwaa Kalewa, ukingoni mwa Chindwin, wakavuka na kushika ng'ambo. Kumbukeni, ni mto uleule aliouvuka Mutaguchi miezi tisa kabla.

Wahandisi wakatandaza daraja la Bailey la kuelea, yaani la vipande vya chuma vya kuunganishwa, lenye urefu wa mita 350 hivi, refu kuliko madaraja yote ya aina yake wakati huo. Juu yake vikapita vifaru vya chuma, mizinga na malori. Machi 1945 Mandalay ikaanguka, na Mei Rangoon ikatwaliwa.

Picha za Mandalay zipo nyingi. Askari wetu hamtawaona humo. Baada ya Chindwin walirudishwa India kupumzika, na wengine wakapita juu ya daraja.